Nyuki wa Marehemu

Habari ya kifo cha Baba Mkubwa Yeremia ilinikuta namenya viazi. Kijana aliyeileta alisimama mlangoni na kofia mkononi, akisubiri nilie. Nilimaliza kiazi nilichokishika, nikamenya na vilivyobaki, nikabandika sufuria, ndipo nikamshukuru kwa kuja. Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Mazishini sikwenda. Wanaonishauri nisamehe nawajibu kwamba nimebatizwa na Biblia naisoma, lakini mzee yule nilimwekea akiba ya hasira tangu utotoni, na akiba ile mchwa hawakuigusa.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku Momba enzi za Mwingereza hamhitaji kuelezwa mizinga ilikuwa nini. Mnalikumbuka lori la mnunuzi wa nta likisimama kando ya barabara ya Tunduma, na watu wakiyatua mabonge ya nta kutoka vichwani, na jumbe akizungukazunguka pale kwa sababu anajua wenye nta hawana kisingizio cha kodi. Nyumba yenye mizinga mingi ilijulikana hadi ng'ambo ya mpaka. Nyumba ya baba yangu ilikuwa mojawapo.

Baba alichonga mizinga yake kwa magogo na kuitundika bondeni, kwenye miombo iliyokuwa juu ya kijito, mahali ambapo kilima kiliuzuia upepo wa kipupwe. Alinuka moshi na nta mwaka mzima. Koti lake nililitumia kama shuka, na mpaka leo nikikaribia mshumaa wa nta halisi kanisani najikuta nasinzia. Alipopanda kurina, Mama ndiye aliyesimama chini akishika mwenge wa moshi. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa. Kwetu mwanamke hakupanda mti wenye mzinga, hakuugusa mzinga, na wala hakutia neno juu yake, maana ilisemwa kwamba neno la mwanamke huwahamisha nyuki.

Lakini Mama alijua mambo. Baba yake, babu yangu wa ng'ambo, upande wa Rodesia, hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo binti ndiye aliyemshikia mwenge tangu akiwa mdogo, na mzee yule alikuwa na tabia ya kusema peke yake akiwa juu ya mti. Kila alichokiona mzingani alikisema. Mama alisimama chini, kinywa kimefungwa na masikio wazi, akakusanya yote.

Baba alikufa kwa homa mvua zilipokuwa zinaishia. Sitaeleza msiba wenyewe. Nitaeleza desturi, kwa sababu ndiyo iliyotaka kutumeza.

Mjane kwetu alitolewa msibani kwa pombe. Kiangazi cha msiba kikielekea mwisho, kabla ya mvua za kwanza, alipika pombe ya ulezi, akaitia asali, akawanywesha ukoo wa mumewe, na kaka wa marehemu ndiye aliyeonja kwanza. Asali ile haikununuliwa wala kuazimwa. Ilitakiwa itoke kwa nyuki wa marehemu mwenyewe, kama mtu yule alikuwa na nyuki. Mjane aliyeipata alikuwa huru, akae na watoto wake au arudi kwao. Asiyeipata, ilisemwa kwamba marehemu amekataa kumwachia, na kaka mtu alimchukua akawe mke wake. Mchungaji alihubiri kuikemea desturi hiyo, watu wakaitikia amina, kisha njiani wakirudi wakaulizana ulezi wa fulani umelowekwa lini.

Baba Mkubwa Yeremia alikuwa kaka mtu. Alikuwa na mke, alikuwa na cheo kanisani, na alibatizwa kwenye maji mengi, lakini nadhani yalimfika kiunoni tu. Matanga hayajapoa vizuri, akaitisha kikao uani kwetu. Aliketi kwenye kiti cha Baba.

"Mizinga ya mdogo wangu naihamisha," alisema. "Naipeleka kwangu, juu, kando ya barabara. Mali ya ukoo inafichwaje bondeni kama ya mwizi? Bwana Shauri wa boma akipita na motokaa yake aone kwamba hapa wapo watu."

Mama alikuwa amepiga magoti pembeni, mimi nyuma yake. Alisema kwa sauti ndogo, "Shemeji, miezi hii ya upepo..."

"Mama Eda!" Baba Mkubwa aliinua mkono. "Tangu lini mwanamke akatia neno kwenye mzinga? Unataka nyuki wahame?"

Wanaume walicheka. Mama aliinamisha macho. "Nisamehe, shemeji. Mizinga ni yako. Ipeleke."

Nilimchukia siku ile. Sisemi nilisikitika, nasema nilimchukia. Nilikuwa mtoto ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota tena, na nilidhani mtu akinyamaza ameshindwa. Nilitaka aruke, amkwangue uso. Palepale uani nilimng'ata Mama mkono ili ashtuke aseme kitu, naye akauondoa mkono wake tu taratibu.

Waliihamisha jioni, baridi imeanza kuuma. Waliziba midomo ya mizinga kwa majani, wakaifunga kwenye miti, wakabeba mabegani wakipanda kilima kwa kelele kama watu wanaopeleka mahari. Masega yalikatikia ndani. Asali ilidondoka njia nzima, na nyuki waliopotea wakawa wanazunguka vichwani mwetu hawajui waende wapi. Mama alifuata nyuma akiangalia chini. Mahali fulani aliinama, akaokota kitu, akakifunga kwenye ncha ya kitenge.

Asubuhi, akiwa anasaga ulezi, alinifungulia kitenge kile. Alikuwa nyuki mmoja mrefu, mwembamba wa mabawa, tumbo limepondeka.

"Huyu ni mama wao," alisema. "Waliovunjikiwa masega wengi wamempoteza. Sasa itabidi walee mwingine."

"Watampata wapi?"

"Kwa majana walionao, wale watoto wao walio kama funza masegani. Mama wa nyuki hazaliwi mama, Eda. Jana lolote lililo dogo bado, wakilimwagia maziwa yao mengi, wakalilea kwenye joto, walezi wakawa wengi na wameshiba, linakuwa mama mwenye mwili, anayejaza masega mayai. Ni jana lilelile ambalo wakilibania chakula linakuwa mtumishi."

"Na kule juu kwa Baba Mkubwa?"

Aliendelea kusaga. "Kule juu upepo haukatiki. Maji hakuna. Ua miezi hii hakuna. Walezi watakuwa wanajikusanya kwa baridi, maziwa watayatoa wapi? Watalea mama wa jina tu. Mdogo, mayai ya kubahatisha. Mwingine atatoka kwenda kutafuta madume, apeperushwe asirudi."

"Masikini," nilisema.

"Nilitaka kumwambia," alisema Mama. "Ulinisikia nikitaka kumwambia." Kisha akatabasamu, na tabasamu lile sikulielewa. Nilidhani anawaonea huruma nyuki.

Miezi iliyofuata tulikula ugali wa ulezi na mboga za porini, na matunda ya masuku yalipoiva tulikula masuku mpaka midomo ikachanika. Nyumba iliyozoea asali ilikaa bila asali. Baba Mkubwa alipita mara kwa mara, amevaa koti la Baba, maana hata koti alilichukua. Alisimama njiani bila kuingia.

"Asali iko juu, shemeji," alikuwa akisema. "Na njia ya kwenda juu inapita mlangoni kwangu. Ukichoka utanijulisha."

"Nimesikia, shemeji," Mama alijibu, akiwa amepiga magoti kama adabu ilivyotaka.

Neno "ukichoka" lilinikaa kifuani. Nililala nalo. Mtoto anaweza kutaka mtu mzima afe, na nilitaka, na niliomba hivyo kwa jina la Bwana Yesu pale tulipofundishwa kuomba kila tunachohitaji.

Ndipo nilipomwona Mama anatoa vyungu. Vilikuwa vyungu vyake vya pombe, vikubwa, vilivyopasuka au kumeguka midomo, ambavyo Baba alikuwa akimtania kwamba anavitunza kama wazee wasiojiweza. Alivibeba kimoja kimoja hadi bondeni kwenye kivuli kilekile cha kilima. Ndani alipaka nta iliyobaki nyumbani, akafukiza majani yenye harufu, akavilaza ubavu kwenye vichuguu vya zamani, akaviziba midomo kwa mawe bapa na kuacha upenyo mdogo. Alikuwa akinong'ona alipokuwa anapaka.

Moyo wangu ulipasuka kwa furaha. Mama analoga! Hatimaye! Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema mchawi hutumia udongo wa nyayo za adui, kwa hiyo nilivizia mpaka Baba Mkubwa alipopita, nikakwangua nyayo zake njiani, nikajaza udongo kwenye kipande cha kibuyu, nikaupeleka bondeni mbiombio.

"Hii nini?" Mama aliuliza.

"Nyayo za Baba Mkubwa. Zote mbili, kushoto na kulia."

Aliniangalia, akauangalia udongo, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba. Kisha akaumwaga na kunifuta mikono kwa kitenge chake. "Mimi si mchawi, mwanangu. Nilikuwa nahesabu mistari ya wimbo ambao babu yako aliuimba akipaka nta mizingani. Mchawi ana haraka. Mimi sina haraka."

Nilikasirika, kwa kuwa mimi nilikuwa nayo.

Huko juu mambo yalianza kuharibika polepole. Upepo ulivuma mchana na usiku. Watu wa barabarani walichoma majani kama kila mwaka, na moshi ukaingia mizingani. Tulipopita kwenda kanisani niliona nyuki wachache wakitambaa midomoni mwa mizinga, wanyonge, wengine wamejaa chini wamekufa. Baba Mkubwa alikuwa akiwaambia watu kwamba nyuki hupumzika. Lori la mnunuzi lilipokuja aliufungua mmoja mbele ya watu, akaingiza mkono mpaka begani, akautoa na kipande cha sega kikavu kisichotosha kufunika kiganja.

Kisha miombo ikatoa majani mekundu, ikachanua, na bonde zima likanuka utamu. Asubuhi moja tukiwa kijitoni tulisikia mvumo ukishuka kutoka juu. Wale waliobaki na nguvu kidogo hawakungoja kufia kwenye upepo. Walipita juu ya vichwa vyetu kama moshi unaoimba, wakazunguka kichuguu, wakaanza kuingia kwenye chungu. Mama aliweka mtungi chini akapiga magoti kwa mbali.

"Karibuni," aliwaambia. "Karibuni nyumbani kwa mwenyewe."

Walikuja na wengine, kundi baada ya kundi, siku kadhaa. Walikuwa wadogo na wamechakaa, na baadhi mama zao walikuwa ndio wale waliolelewa na njaa. Lakini sasa maua yalikuwepo, maji yalikuwepo, na ndani ya chungu hakuna upepo. Walewale nyuki wanyonge walianza kushiba, na waliposhiba wakawakataa wale mama wabovu, wakajilelea wengine. Mama alinionyesha kwenye ufa wa chungu kitu kilichoning'inia ukingoni mwa sega, kinene, chenye mikunjo kama ganda la karanga. Baada ya muda alinionyesha na aliyetoka humo. Alikuwa mrefu, mwekundu, anatembea bila papara, na wote wanampisha.

"Mtazame," Mama alisema. "Huyu kalelewa."

Habari zilimfikia Baba Mkubwa. Alishuka mbio, koti la Baba likipepea.

"Umeniibia nyuki!"

"Mizinga yako iko wapi hapa, shemeji?" Mama aliuliza akiwa amepiga magoti.

"Hii hapa!"

"Hivi ni vyungu. Chungu ni cha mwanamke. Mzinga sijaugusa, wala sijautia neno. Uliniambia nisiutie neno."

Aliinua mguu apige teke chungu cha karibu. Sijui alilenga nini, alichokipata ni jiwe la mlangoni. Lilianguka, na nyuki wakamtokea. Wenzangu, katika maisha yangu nimeona arusi nzuri, nimeona wajukuu wakibatizwa, lakini sijaona kitu kilichonifurahisha kama mzee yule akipanda kilima kwa kukimbia huku amejifunika koti kichwani. Mama alimwita kwa nyuma, kwa sauti kubwa isiyo ya magoti:

"Nenda uwaambie watu, shemeji! Waambie wote kwamba nyuki wa mdogo wako wako kwangu!"

Na kweli alikwenda, uso umevimba, kumwambia jumbe. Kanisani aliwaambia wazee, na barabarani akawaambia hata wapita njia wa Tunduma wasiotujua. "Nyuki wa marehemu mdogo wangu amewaiba yule mwanamke. Wako bondeni, ndani ya vyungu." Jumbe alijibu kwamba nyuki hawana kamba shingoni. Watoto wenzangu waliniita binti wa mwizi. Nilirudi nyumbani nalia nikamwuliza Mama kwa nini hakani, kwa nini hasemi kwamba nyuki wametoka porini kama nyuki wote.

"Acha aseme," alijibu. "Akichoka tutamjulisha."

Siku ya pombe ilifika. Ulezi ulikuwa umechachuka vizuri, na Mama alikuwa amerina vyungu vyake mwenyewe, mimi nikishika mwenge. Ukoo ulijaa uani. Aliyesimamia alikuwa Shangazi Tamali, dada mkubwa wa Baba na wa Yeremia pia, mwanamke mwenye ugoro puani na sauti iliyowafanya hata kaka zake wakae wima. Kwenye mambo ya kumtoa mjane, neno lake ndilo lililokata.

Baba Mkubwa alikuja na mkeka mpya umekunjwa kwapani. Kila mtu alijua mkeka ule ni wa nini. Mama aliuona, na nikaona akiushikilia mdomo wa chungu kwa mikono miwili. Nilielewa siku ile kwamba alikuwa akiogopa wakati wote.

Alichota, akamimina asali mbele ya watu, akakoroga. Baba Mkubwa alisimama.

"Pombe hii siipokei. Asali ya marehemu inatoka kwenye mizinga ya marehemu, na mizinga iko kwangu, na haina kitu. Hiyo ni asali ya porini. Marehemu hajamwachia."

Shangazi alipiga chafya ya ugoro, akajifuta.

"Ya porini?"

"Ya porini, dada."

"Yeremia, mimi ni mzee, nisaidie. Tangu miombo ichanue umenijia nyumbani mara ngapi unalia kwamba mwanamke huyu ana nyuki wa mdogo wetu? Hata mtoto wa jirani anaimba. Au ulikuwa unamsingizia mjane? Ukimsingizia mjane, faini yake unaijua."

Baba Mkubwa aligeukageuka. Akawaangalia wazee wa kanisa aliowaambia. Akamwangalia jumbe aliyemwambia. Hakukuwa na hata mmoja uani pale ambaye hakumwambia.

"Sema," alisema Shangazi. "Vyungu vile vina nyuki wa nani?"

Mkeka ulimponyoka kwapani.

"Wa mdogo wangu," alisema.

"Basi asali ni yake. Amemwachia." Shangazi aligeuka. "Wifi, mnyweshe kaka mtu."

Akina mama walipiga vigelegele. Mama alijaza kibuyu mpaka ukingoni, akavuka ua. Desturi ilitaka apige magoti akimpa. Hakupiga. Alisimama mbele yake, mkeka mpya ukiwa umeangukia miguuni pao, akamtazama anavyokunywa, na hakuondoa macho mpaka tone la mwisho liliposhuka kooni. Baba Mkubwa alimrudishia kibuyu bila kumwangalia.

Mama alikipokea, akaenda kukijaza tena, akarudi.

"Kunywa, shemeji," alisema. "Bado ipo."